Baada ya Kushinda Kesi ya Deni: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kukazia Hukumu

Mawakili chipukizi, na wadai wanaojisimamia wenyewe mahakamani, mara nyingi huamini kwamba kazi imekwisha siku hakimu anaposoma hukumu na kumwamuru mdaiwa alipe. Hukumu huthibitisha haki ya mdai, lakini yenyewe haimlipi. Katika mahakama za Tanzania Bara, mdaiwa asipolipa kwa hiari, ni wajibu wa mshinda tuzo, yaani mdai aliyeshinda kesi, kuomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, kuchagua njia ya kuikazia na kuionyesha mahakama mali inayoweza kukamatwa. Mahakama haimtafutii mtu mali ya mdaiwa wake. Ningependa kila anayeingia katika kazi hii alishike jambo hilo mapema, kwa kuwa maombi mengi hukwama, si kwa ugumu wa sheria, bali kwa sababu mwombaji hajui mdaiwa anamiliki nini na mali hiyo iko wapi.

Kwa hiyo, uchunguzi wa mali uanze siku unapopokea jalada la mteja, wakati mdaiwa bado anajibu simu na bado hajaona sababu ya kuficha kitu. Soma mikataba, hundi, risiti na barua zote, kwa maana humo ndimo yanamopatikana majina ya benki, namba za akaunti, namba za magari na majina ya watu wanaofanya biashara na mdaiwa. Ikiwa mdaiwa ni kampuni, omba taarifa zake BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ili ujue jina lake kamili lililosajiliwa na wakurugenzi wake. Ikiwa ana nyumba au kiwanja chenye hati, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, kwani huko utaona pia kama mali hiyo imekwisha kuwekwa rehani kwa mkopo mwingine. Na ukiona dalili kwamba anauza au anahamisha mali ili hukumu ikitoka isikute kitu, Amri ya XXXVI ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inakuruhusu kuomba mali ikamatwe kabla ya hukumu. Hata hivyo, uwe na ushahidi wa nia hiyo. Hofu ya mdai peke yake haitoshi.

Hukumu ikishatolewa, omba nakala zake mara moja, kisha uisome tuzo, yaani hati ya mahakama inayotaja kilichoamriwa, neno kwa neno. Mahakama inayokazia haina mamlaka ya kuongeza wala kupunguza kilichomo ndani ya tuzo. Kama hukumu ilitaja riba lakini tuzo imeisahau, au jina la mdaiwa limekosewa, rudi kuomba marekebisho kabla ya kuanza utekelezaji, kwa sababu dosari hiyo itaibuliwa na upande wa pili wakati mbaya zaidi, pengine siku ya mnada. Kumbuka pia kwamba tuzo dhidi ya kampuni si tuzo dhidi ya mkurugenzi wake. Nyumba ya mkurugenzi haikamatwi kwa deni la kampuni, isipokuwa mahakama imeamua, kwa sababu maalumu, kumwajibisha yeye binafsi.

Maombi yenyewe hufanywa kwa maandishi chini ya Amri ya XXI ya Sheria hiyo ya Mwenendo wa Madai, yakieleza namba ya shauri, tarehe ya tuzo, kiasi kinachodaiwa, kiasi kilicholipwa tayari kama kipo, na njia unayoiomba. Ukomo wa kuomba ni miaka 12, lakini usiusubiri: mwaka 1 ukipita tangu tuzo itolewe, mdaiwa hana budi kupewa kwanza wito wa kujieleza kwa nini hukumu isikaziwe, na wito huo humpa nafasi ya kuhamisha mali. Mali ikiwa nje ya eneo la mahakama iliyotoa tuzo, omba tuzo ihamishiwe mahakama yenye mamlaka pale mali ilipo.

Katika kuchagua njia, mimi hutanguliza fedha zilizoko benki au mikononi mwa mtu wa tatu anayedaiwa na mdaiwa wako, kwa mfano mteja wake ambaye bado hajamlipa. Mahakama huzizuia kwanza fedha hizo, ikamwita anayezishikilia ajieleze, kisha ikaamuru zilipwe kwa mshinda tuzo. Njia hii haina mnada na gharama zake ni ndogo.

Kukamata na kuuza mali kuna hatua nyingi zaidi, na hapo dalali wa mahakama ndiye mtendaji. Yako mambo ambayo sheria imeyakinga: nguo na vyombo vya lazima vya nyumbani, zana za fundi anazozitegemea kwa riziki, na nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Ukiiorodhesha nyumba hiyo ukidhani utamtisha alipe, utapoteza muda na pengine utalipishwa gharama. Tangazo la mnada nalo lina muda wake, siku 15 kwa mali inayohamishika na siku 30 kwa isiyohamishika, na mshinda tuzo haruhusiwi kununua bila kibali cha mahakama. Tarajia pia mtu wa tatu kujitokeza na kudai kwamba mali iliyokamatwa ni yake. Mahakama italazimika kuchunguza dai hilo, na kama ulifanya upekuzi mapema, majibu utakuwa nayo.

Kuhusu kifungo cha madai, yaani kumweka mdaiwa gerezani kwa kutolipa deni, naomba nieleweke vizuri. Wateja wenye uchungu hukitaka kwanza, na uchungu wao naufahamu, lakini kifungo si adhabu ya umaskini. Mdaiwa hupewa nafasi ya kujieleza, na mahakama huangalia kama ana uwezo akakataa kulipa, au ameficha mali kwa hila. Mshinda tuzo ndiye anayegharamia chakula cha mfungwa, na mdaiwa anapotoka deni lake bado lipo. Kabla ya kufika huko, omba mdaiwa aitwe ahojiwe kwa kiapo kuhusu mali zake. Mahojiano hayo yakiandaliwa vizuri huleta taarifa ambazo upekuzi haukuzipata.

Mdaiwa akikata rufaa, usisimame kwa sababu hiyo tu, kwani rufaa peke yake haizuii utekelezaji mpaka mahakama itoe amri ya zuio, nayo kwa kawaida hudai dhamana. Ikiwa mdaiwa ni Serikali, mali zake hazikamatwi kabisa; malipo hufuata utaratibu wa Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali.

Mwisho, pande zote zikikubaliana kulipana kwa awamu, makubaliano hayo yaandikwe na yasajiliwe mahakamani, na kila awamu inayolipwa nje ya mahakama iarifiwe kwenye jalada. Malipo ambayo hayakuthibitishwa mahakamani hayatambuliwi katika utekelezaji, jambo linaloweza kumuumiza mdaiwa aliyelipa kwa nia njema na kumwingiza wakili wa mdai katika ombi la kukamata mali kwa deni lililokwisha kulipwa.