Kabla hujaigeuza katuni kuwa filamu, mtafute mwizi

Muswada wa kwanza niliougeuza kutoka kwenye katuni ulikuwa na kurasa 140 na haukuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Wa kuruka walikuwemo, wa kupigana walikuwemo, wa kuvunja kuta ndio usiseme. Mtu hakuwemo. Nilikuwa nimebandika kurasa za katuni ya rafiki yangu ukutani kwa selotepu, nikaandika kila nilichokiona fremu kwa fremu, kwa mpangilio uleule. Siku ya kuusoma kwa sauti, dada mmoja aliyekuwa acheze mama wa shujaa akaniuliza, "Kaka, huyu mtoto wangu anatafuta nini hasa?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Jibu lilikuwepo kwenye katuni, ila lilikaa kwenye kile kisanduku cha maelezo juu ya fremu, na kisanduku hakina mwigizaji.

Ninyi mnaoanza, fanyeni zoezi ambalo mimi nilichelewa kulifanya. Tafuteni hadithi ya kwanza ya Spider-Man, ile iliyotoka Agosti 1962 katika Amazing Fantasy namba 15, imeandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko. Ina kurasa 11 tu. Isomeni, kisha tazameni sehemu ya kwanza ya filamu ya 2002 aliyoiongoza Sam Raimi kwa muswada wa David Koepp. Msitazame mapigano. Mfuateni mwizi.

Kwenye katuni, Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, ameshapata nguvu na umaarufu. Mwizi anapita mbio mbele yake kwenye korido ya kituo cha televisheni, polisi anamwomba amzuie, naye hajishughulishi. Kwa nini? Majivuno tu. Baadaye anarudi nyumbani, polisi anamwambia Ben, mzee aliyemlea, ameuawa na mtu aliyevamia nyumba. Peter anamkamata muuaji, anamtazama usoni: ni yuleyule. Kwa kurasa 11 inatosha. Msomaji anakubali kwamba katika jiji zima la New York mwizi huyo aliangukia nyumba hiyohiyo, kwa sababu katuni inakwenda haraka na hampi nafasi ya kuhoji.

Filamu haina bahati hiyo. Mtu aliyekaa kwenye kiti kwa saa mbili anahoji. Sasa tazama Koepp alivyofanya. Peter anawadanganya wa nyumbani kwamba anakwenda maktaba, kumbe anakwenda kwenye mieleka. Tangazo linaahidi dola 3,000 kwa atakayestahimili dakika tatu. Anamwangusha mpinzani kwa dakika mbili, promota anampa dola 100, na Peter akilalamika anajibiwa kwamba hayo si matatizo yake. Dakika chache baadaye promota anaibiwa, mwizi anampita Peter, promota anamlaumu, na Peter anamrudishia maneno yaleyale. Ukumbi mzima unacheka. Mimi nilicheka. Na hapo ndipo tulipotegwa, kwa sababu mwizi anahitaji gari la kukimbilia, na gari analolichukua ni la Ben, aliyekuja kumchukua kijana wake kutoka maktaba ambako hakuwepo.

Uongo, dhuluma, kisasi, gari. Bahati mbaya ya mwaka 1962 imegeuzwa kuwa kosa lenye hatua nne, na sisi watazamaji tumeshiriki kosa hilo kwa kicheko chetu. Hicho ndicho ninachokiita kugeuza katuni kuwa filamu. Tukio limebaki lilelile, sababu zake ndizo zimejengwa upya.

Kuna jingine kwenye eneo hilohilo. Ile sentensi maarufu kuhusu nguvu kubwa na wajibu mkubwa, kwenye hadithi ya 1962 Ben haisemi kabisa. Ni maneno ya msimulizi, yamekaa kwenye fremu ya mwisho. Filamu ilimpa Ben, aliyechezwa na Cliff Robertson, akaisema ndani ya gari mbele ya maktaba, na Peter akamjibu kwa hasira kwamba aache kujifanya baba yake. Hawakuonana tena hadi Peter alipomkuta sakafuni mwa barabara akikata roho. Maelezo ya kisanduku yamekuwa ugomvi wa mwisho wa watu wawili. (Watafsiri wetu humwita Ben mjomba, lakini ni kaka wa baba yake Peter, yaani baba mkubwa. Kwa masikio ya Kiswahili tusi lile ni zito zaidi.)

Mara ya kwanza niliiona filamu hiyo kwenye banda umiza, na mtafsiri mwenye kipaza sauti alikuwa anatueleza kila anachowaza steringi. Nilikuja kugundua miaka mingi baadaye kwamba yule bwana alikuwa ndiye kisanduku cha maelezo kilichorudi kwa mlango wa nyuma. Nampenda mno. Lakini usiandike kama kwamba atakuwepo.

Viputo vya mawazo, vile vinavyochorwa juu ya kichwa cha mhusika, ni tatizo la aina hiyohiyo. Kwenye katuni adui anaweza kuwaza nusu ukurasa. Willem Dafoe, aliyecheza Norman Osborn, adui ambaye akivaa barakoa ndiye Green Goblin, alipewa kioo: anazungumza na sura yake nyingine, na ugomvi wa ndani ya kichwa unakuwa mazungumzo ya watu wawili. Linganisha na eneo la juu ya paa ambapo Spider-Man na Green Goblin wanazungumza wote wakiwa wamefunikwa nyuso. Kwangu mimi ni eneo dhaifu kuliko yote. Barakoa iliyochorwa inaweza kuonyesha hasira kwa mstari mmoja wa kalamu. Barakoa ya kuvaa haionyeshi kitu. Ndiyo maana kwenye pambano la mwisho ile ya Spider-Man imechanwa nusu. Ukiandika eneo la hisia, jiulize kwanza uso uko wapi.

Mashabiki watakukasirikia, zoea. Kwenye katuni Peter anabuni mwenyewe vifaa vya kurushia utando; kwenye filamu unatoka mikononi mwake, wazo lililokuwemo kwenye andiko la James Cameron la miaka ya 1990. Walilalamika sana. Buibui wa mionzi naye akawa buibui aliyebadilishwa vinasaba, maana hofu ya 1962 ilikuwa bomu na ya 2002 ilikuwa maabara. Filamu ilifunguliwa Mei 2002 na kuwa ya kwanza kupita dola milioni 100 kwa wikiendi moja ya ufunguzi nchini Marekani. Utando ulibadilika, mwizi hakuguswa. Ungemwondoa mwizi, hata vifaa vyote vingekuwa sahihi hadi skrubu, usingekuwa na Spider-Man.

Kuhusu bajeti na michoro ya kompyuta sina la kuwafundisha, wapo wanaojua zaidi.

La haki miliki ndilo nisilotaka mlipite. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, mwaka 1938 walimkabidhi mchapishaji Superman, shujaa waliyembuni wenyewe, kwa dola 130. Filamu kubwa ya Superman ilipotoka 1978, mwigizaji Marlon Brando alilipwa dola milioni 3.7 kwa sehemu fupi ya baba wa shujaa. Waliomzaa shujaa mwenyewe walikuwa wamepata malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao kurudishwa, tena baada ya kulalamika hadharani wakiwa watu wazima.

Mimi na rafiki yangu hatukuandikiana hata mstari. Tulikuwa washkaji, nani aseme mambo ya mkataba? Nilipoandika muswada upya, kurasa 38, shujaa akiwa na jambo analolitafuta na mama akiwa na la kusema, alitokea mtu wa kutoa fedha, na swali lake la kwanza lilikuwa mhusika huyu ni wa nani. Tulijibu kwa pamoja, kila mmoja jibu lake. Kurasa zake bado ninazo kwenye bahasha, na kwenye kila pembe kuna alama ya njano ya selotepu.