Kabla ya Kuiruhusu Kamera Iingie Chumbani

Mtihani wangu wa kwanza wa mtandaoni ulianza kwa agizo ambalo sikulitarajia: niinue kompyuta na kuizungusha polepole ili kamera ikione chumba chote, hadi chini ya meza. Nilitii, na ilipofika upande wa kitanda nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeacha pale pakiti ya dawa na barua ya hospitali yenye jina langu kamili. Nilikuwa nimechelewa, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimekwisha kurekodiwa. Muda uliosalia nilijibu maswali huku nikijiuliza ni nani atakayeitazama video ile, na kila nilipoinua macho kufikiri nilihofu kwamba programu inayosimamia mtihani kupitia kamera imenihesabu miongoni mwa wadanganyifu.

Baadaye nilisoma kwamba mwezi Agosti 2022 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio, Marekani, iliamua kuwa Chuo Kikuu cha Cleveland State kilikiuka Katiba kwa kumkagua mwanafunzi chumba chake kwa kamera namna hiyohiyo. Naye alikuwa na nyaraka za siri chumbani, na taarifa ya ukaguzi ilimfikia asubuhi ileile ya mtihani. Hukumu hiyo haiwafikii wanafunzi wa nchi nyingine, lakini ilinifunza kwamba muda wa kuuliza ni mwanzoni mwa muhula, kabla mtu hajabanwa na saa.

Siku hizi humwandikia mhadhiri barua pepe mapema na kumuuliza ni nini kitakachorekodiwa, nani atakayekiona, kitahifadhiwa kwa muda gani, na kama kuna njia nyingine ya kufanya mtihani. Nasisitiza maandishi, kwa sababu jibu la mdomo halina ushahidi. Wala swali hilo si ukorofi: mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Italia ilikitoza Chuo Kikuu cha Bocconi faini ya euro 200,000, na miongoni mwa makosa yake ni kutowaeleza wanafunzi vya kutosha jinsi data zao zinavyotumika na programu za kusimamia mitihani.

Kuhusu chumba, geuza meza ili mgongo wako uelekee ukuta mtupu, kisha ondoa barua, dawa na picha za familia. Hakikisha mwanga unakuangukia usoni, kwa maana baadhi ya programu hizi hushindwa kuzitambua nyuso zenye ngozi nyeusi, nawe usije ukapoteza dakika za mtihani ukibishana na mashine. Kwenye kompyuta, fungua akaunti ya pembeni isiyo na faili zako wala nywila zilizohifadhiwa, ingawa programu iliyopewa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta inaweza kuuvuka mpaka huo.

Mtihani ukiisha, iondoe programu siku hiyohiyo, kisha ukague na kivinjari. Mimi niliifuta programu yenyewe nikadhani nimemaliza. Miezi minne baadaye niliikuta programu yake ndogo ya nyongeza ingali ndani ya kivinjari, ikiwa na ruhusa ya kusoma kila ukurasa ninaoufungua.