Kukataa bila kuudhi kwa Kikorea

Pole dada. Umesema wenzako wa kazini huko Busan wakikualika chakula, unajibu "aniyo", yaani hapana, na wote wananyamaza. Si tusi, ila likiwa peke yake ni kama kumfungia mtu mlango usoni. Anza na "joesonghajiman", yaani samahani lakini, kisha "oneureun jom eoryeoul geot gatayo": leo naona itakuwa vigumu kidogo. Hiyo "vigumu kidogo" ndiyo hapana yenyewe.

Dukani wakikuuliza kama unataka mfuko, "gwaenchanayo", yaani niko sawa, sihitaji, yatosha, ila punga kiganja, maana yaweza kueleweka "sawa tu".

Kasheshe ni pombe ya bosi. Mimi husema "sureul mot masyeoyo", siwezi kunywa pombe, huku nikipokea soda kwa mikono miwili. Akikulazimisha, hapo si lugha tena. Mwone afisa utumishi.