Anza na prosesa ya visanduku mia moja

Nilipokuwa chuoni nilikariri michoro ya prosesa za Intel, nikafaulu mtihani bila kuelewa kitu. Ndiyo maana leo, kijana wa hapa Tanga akinijia anataka kujua prosesa, sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri, inavyofanya kazi, nampa karatasi, penseli na Little Man Computer, muundo wa kompyuta ya kufikirika aliobuni Stuart Madnick wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1965. Hata umeme ukikatika somo linaendelea.

Ina visanduku 100 vya kumbukumbu, kuanzia 00 hadi 99, kila kimoja kikibeba namba ya tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ni amri: 1 jumlisha, 2 toa, 3 hifadhi, 5 pakia, yaani leta namba kwenye akumuleta, mahali panapokaa namba inayofanyiwa hesabu. Mbili zinazofuata ni anwani, yaani namba ya kisanduku. 901 hupokea namba, 902 huonyesha jibu, 000 husimamisha kazi.

Wengi hukwama kwenye anwani. Nawaambia wafikirie Ngamiani, hapa Tanga, ambako barabara zina namba. Ukiona 112 huongezi kumi na mbili. Unakwenda Barabara ya 12, unapiga hodi, unachukua utakachokikuta.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika programu ya kujumlisha namba mbili, kuanzia kisanduku 00: 901, 303, 901, 103, 902, 000. Akaingiza 250 na 100, jibu likaja 100. Akadhani simuleta, programu inayoiga mashine hii kwenye kompyuta, imeharibika. Tukaifuata kwa penseli, hatua kwa hatua: amri 303 ilipeleka 250 kwenye kisanduku 03, juu ya amri yake mwenyewe ya kujumlisha! Prosesa ilipofika pale ikasoma 250 kama amri: toa kilichomo kwenye kisanduku 50. Kilikuwa na sifuri. Akabaki kimya, kisha akasema, “Kumbe mwalimu, amri na data zinakaa nyumba moja!” Tukabadilisha 03 kuwa 99, 350 ikatoka.

Kwa hiyo usikimbilie simuleta. Chora safu tatu, kaunta (namba ya kisanduku cha amri inayofuata), amri na akumuleta, ujaze kila hatua kwa mkono wako. Baadaye hamia MARIE, muundo mwingine wa kufundishia, yenye amri za biti 16 (tarakimu za 0 na 1): nne za kazi, 12 za anwani, na ndiyo sababu kumbukumbu yake ina nafasi 4096. RISC-V, muundo wa prosesa halisi, iache kwanza.

Kabla ya hapo, jaribu kuzidisha 6 kwa 7. Mashine hii haina amri ya kuzidisha, hivyo itakubidi ujumlishe kwa kurudia, na hapo utazihitaji amri za kuruka, yaani kwenda kisanduku kingine badala ya kinachofuata: 6 (daima), 7 (akumuleta ikiwa sifuri) na 8 (ikiwa sifuri au zaidi).