Huku Uingereza chakula ni kwa vocha, jamani

Wadogo zangu wa Temeke na Mbagala, mmeniuliza kama kweli huku serikali inalisha kila familia, maana vijiweni ndiyo habari ya mjini. Imeniudhi. Viza nyingi za kazi na masomo zina sharti la kutogusa fedha za umma, yaani posho na ruzuku za serikali. Shifti zikipungua, mwenye nyumba hangoji, na posho nyingi za serikali hupati. Wanaookoa familia ni makanisa, misikiti na benki za chakula, yaani vituo vya hisani vinavyogawa chakula bure.

Benki ya chakula huendi na kapu lako tu. Nyingi zinataka vocha, na vocha unaandikiwa na shule ya mtoto, daktari au ofisi ya ushauri. Mara nyingi unapewa chakula cha siku 3: tambi, mchele, chai, maziwa ya boksi, makopo. Suala la halali liseme wakati unaandikiwa vocha, usingoje kufika mezani, maana nyama ya kopo inaweza kuwa ya nguruwe. Kama gesi imekata (baadhi ya mita ni za kulipia kabla, kama LUKU), sema mapema. Baadhi ya benki hizo zina vyakula visivyohitaji kupikwa. Maharage yao ya kopo yameshapikwa, yamelala kwenye rojo ya nyanya yenye sukari. Yamwage kwenye chujio, yasuuze, yaunge upya na kitunguu na bizari, ndipo watoto watakula.

Na hili linaniuma: watu wanalala njaa wakiogopa viza. Benki ya chakula haihesabiwi fedha za umma. Nendeni! Gurdwara, yaani mahekalu ya Masingasinga, nazo zinalisha yeyote, bure. Vua viatu, funika kichwa, kaa, kula, hakuna nyama.

Shule za msingi za serikali London zinawapa watoto wote chakula cha mchana bure tangu 2023. Balaa ni Agosti, shule zimefungwa. Omba vocha kabla hazijafunga, maana anayekuandikia naye anaenda likizo.

Kwa hiyo punguzeni michango ya harusi na kicheni pati. Wengine huku wanatuma hela kisha wanapanga foleni ya makopo. Ila mgonjwa akilazwa, semeni siku hiyo hiyo, msinifiche.

Msije. Mwenye barua ya kazi mkononi aje, tutampokea, lakini awe na akiba ya kodi ya miezi 3, na barua anitumie niisome kabla hajampa wakala hata shilingi.