Kwa nini Volkswagen imeteleza China

Ndugu, umeuliza iweje Volkswagen ipigwe kumbo China ilhali Wajerumani ndio mabingwa wa injini. Shida iko hapo hapo: wateja wengi wa kule hawaangalii tena injini. Volkswagen iliingia ubia na SAIC, kampuni ya magari ya Shanghai, mwaka 1984, gari lao la Santana likawa teksi iliyojaa mitaani, na kwa miongo kadhaa ikatamba. Halafu magari ya umeme yakaja. Mwaka 2023 BYD, kampuni ya Kichina iliyoanza kwa kutengeneza betri, ikaivua taji la chapa inayouzwa zaidi nchini humo.

Bei imechangia, maana BYD inajitengenezea betri, na hicho ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote kwenye gari la umeme. Ila kwangu mimi kidonda kikubwa ni programu za kompyuta zinazoendesha mifumo ya gari. Dereva wa Kichina amezoea kusema tu "fungua dirisha la nyuma" na gari likatii, skrini nayo ikienda kwa wepesi wa simu yake. Magari ya kwanza ya ID, yaani magari ya umeme ya Volkswagen, hayakumpa hilo. Inaniuma kwa sababu ishara zilikuwepo mapema, na wahandisi hodari hawakukosekana.

Mwaka 2019 kundi zima la Volkswagen liliuza China magari zaidi ya milioni 4. Mwaka 2024 hayakufika milioni 3. Kushuka huko kulishaanza kuonekana kabla, ndiyo maana mwaka 2023 walitangaza kuwekeza takriban dola milioni 700 kwa Xpeng, kampuni ya magari ya umeme ya Guangzhou, China, ili watengeneze magari pamoja.