Jibu: Wakulima wa vihamba tutasikikaje?

Mkuu, umeuliza sisi wakulima wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga yenye migomba, kahawa na mifugo pamoja, tutasikikaje kabla mipango ya kilimo haijapitishwa, maana kwenye semina tunaitwa kusikiliza tu. Anza na mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, wala huhitaji mwaliko wa mtu.

Huku kwetu juu ya Moshi uliwahi kuja mradi ukituhimiza tupunguze migomba ili kahawa ipate nafasi. Hakuna aliyewauliza akina mama, na ndio wanaolisha ng'ombe kwa hiyo migomba! Kihamba hakikatwi vipande: mgomba unaipa kahawa kivuli, ng'ombe anakula majani na shina, samadi inarudi shambani. FAO yenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, iliutambua mfumo huu kule Shimbwe Juu, Kilimanjaro, mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia. Inauma kuona wenye ujuzi huo wanafundishwa tu.

Halafu msiende mmoja mmoja. Wazee wetu waliungana kwenye KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, mwaka 1925, kisha KNCU, chama chao cha ushirika, mwaka 1933. Siku hizi kuna pia MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania. Kabla ya mkutano kaeni kikundi, andikeni hoja mbili tatu, hakikisheni zimeingia kwenye muhtasari. Na mkutano usipangwe saa za kukata majani ya ng'ombe, akina mama watakosa.